Doro wat ya Pasaka: kisa cha chungu kilichopungukiwa vitunguu

Kisa hiki kinahusu chungu kimoja cha doro wat kilichopikwa Addis Ababa, Jumamosi ya kuamkia Pasaka ya Kiorthodoksi. Mpishi ameridhia kisimuliwe. Majina, mtaa, mwaka na kazi za wahusika vimeondolewa. Nimezungumza na mpishi na wifi yake, kila mmoja kwa wakati wake, na pale kauli zao zinapopishana nimesema hivyo.

Usuli

Mpishi ni mwanamke wa pwani ya Tanzania, Mlutheri, aliyeolewa na Mwethiopia na kuhamia Addis. Jikoni si mgeni. Pilau, biriani, kuku wa nazi, yote hayo anayapika bila kupima. Lakini doro wat ya sikukuu ilikuwa mikononi mwa mama mkwe, naye kazi yake miaka yote ilikuwa kumenya vitunguu na kuchemsha mayai. Mwaka huo mama mkwe aliteguka kifundo cha mkono wa kulia wiki moja kabla ya sikukuu, na chungu hiki hukorogwa kwa saa nyingi. Mwiko ukahamia kwa mke wa mwana.

Kwa asiyekijua chakula chenyewe: ni mchuzi mzito wa kuku, mwekundu unaokaribia kahawia, unaoliwa na injera, ule mkate mpana na laini wenye uchachu. Ndani yake hamna nyanya wala nazi. Uzito wote unatoka kwenye vitunguu maji vilivyopikwa mpaka vikapoteza umbo, na ukali unatoka kwenye berbere, yaani pilipili nyekundu iliyokaushwa na kusagwa pamoja na viungo kama kitunguu saumu, tangawizi, uwatu, habasoda, giligilani na korarima. Korarima hufananishwa na iliki, na ni ndugu yake wa mbali kweli, ila ni mmea mwingine na harufu yake ina moshimoshi ambao iliki haina. Mafuta yake ni niter kibbeh, samli iliyochemshwa na viungo na kuchujwa. Kuku hukatwa vipande 12 kwa desturi, na mayai ya kuchemsha huingia mwishoni, walau moja kwa kila mlaji. Mezani kwao walitarajiwa watu 12, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa: jogoo mmoja wa kienyeji, mayai 12.

Sikukuu ina ugumu wake. Kabla ya Pasaka, Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 55 bila nyama, maziwa, samli wala mayai. Mfungo hufunguliwa baada ya ibada ya usiku, kuelekea saa tisa. (Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, hivyo mama mkwe aliposema saa tisa usiku hakuna aliyelazimika kupiga hesabu.) Maana yake ni kwamba doro wat ya Pasaka hupikwa Jumamosi na watu wasioruhusiwa kuionja. Mama mkwe mwenyewe hakuwa ametia chochote mdomoni tangu Ijumaa. Mpishi si wa kanisa hilo, lakini wiki hiyo aliamua kula kama nyumba inavyokula.

Asubuhi: kuku na vitunguu

Saa mbili asubuhi shemeji alimchinja jogoo kwa dua ya Utatu Mtakatifu. Mpishi akamnyonyoa, akamchuna ngozi, akamkata. Halafu ikaja kazi ambayo mgeni huiona kama ni kuzidisha: kumwosha. Kila kipande kilisuguliwa kwa chumvi na limao, kikakwanguliwa mafuta ya njano yaliyojificha kwenye maungio, kikasuuzwa, kikarudiwa tena na tena mpaka maji ya beseni yakabaki meupe kabisa. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akiangalia yale maji tu, wala si kuku. Yalipotakata akasema vizuri, akajifunga shuka lake jeupe akaenda kanisani. Vipande vikaachwa kwenye maji ya limao na chumvi.

Kosa la siku lilikuwa limeshafanyika sokoni siku iliyotangulia. Mama mkwe alikuwa amesema kilo tatu za vitunguu. Mpishi alizipima kwa macho ya pwani, kilo tatu kwa kuku mmoja, akaona huo ni upishi wa harusi. Akanunua kilo moja na nusu. Berbere haikununuliwa: ilikuwepo kwenye mkebe wa nyumbani, na mama mkwe alishampimia kabisa kwenye bakuli kabla ya kuondoka. Baadaye walikadiria ilikuwa gramu 200 hivi. Kipimo hicho kilikuwa cha kilo tatu.

Vitunguu vilikatwa vidogovidogo kwa kisu na kuwekwa kwenye sufuria pana juu ya jiko la umeme saa nne, bila mafuta, na chumvi kidogo. Hapo alifuata alichokiona miaka yote. Vitunguu vikatoa maji, vikatulia, vikaanza kunywea.

Mchana: mambo yanaharibika

Saa tano na nusu umeme ukakatika. Wifi, ambaye alikuwa ameshafika, akawasha jiko la mkaa. Moto wa mkaa mpya haubembelezeki: baada ya muda mfupi mpishi alisikia harufu ya kuungua na mwiko ukawa unagota kwenye kitu kigumu chini. Hakukwangua. Alimimina vitunguu vya juu kwenye sufuria nyingine, akaacha ukoko mweusi na ile ya kwanza ikaenda kulowekwa. Uamuzi huo wa sekunde chache ulikuwa mmoja wa mizuri ya siku nzima. Ukoko ule ungekwanguliwa na kuchanganywa, uchungu wake usingetoka tena.

Lakini kuungua kulimtia hofu, na kwa hofu akamimina mafuta. Hapa ndipo kauli zinapopishana. Mpishi anasema aliuliza kama mafuta yatiwe, na wifi akaitikia. Wifi anasema alichosema ni "bado". Walikuwa wanaongea Kiamhari huku mmoja akipepea mkaa, na mimi sioni sababu ya kuwaamulia. Linalojulikana ni kwamba vitunguu vilikuwa bado vyeupe na vina maji. Mafuta ya kupikia yakaingia, na baada ya dakika chache bakuli lote la berbere.

Rangi ikawa nyekundu ya kuvutia. Muda si muda mafuta mekundu yakapanda juu na kung'aa. Mpishi aliyelelewa pwani anaijua alama hiyo: mafuta yakijitenga, mchuzi umeiva. Akataka kumwingiza kuku.

Kwanza akaonja. Kwa kuwa mafuta yalikuwa ya mbegu na samli haijaingia, kuonja hakukuvunja mfungo wa aina yao. Ulimi ulikuta vumbi. Pilipili ilikuwa mbichi, inakereketa kooni, na nyuma yake uchungu mwembamba wa uwatu ambao haujaiva. Wifi naye akaonja, akapaliwa. Mama mkwe alirudi kanisani wakati huohuo. Hakuonja. Aliinama juu ya sufuria, akauvuta mvuke puani kwa kiganja, akachota mchuzi kwa mwiko na kuuinamisha. Mafuta yalikimbilia upande mmoja, chembe za vitunguu zikabaki upande wa pili. Akauliza vitunguu vingine viko wapi.

Uamuzi

Ilikuwa saa saba mchana. Palikuwa na njia tatu, na zote zilizungumzwa.

Ya kwanza ilikuwa kuongeza maji, kumtia kuku, na kuachia muda ufanye kazi. Ndiyo iliyokuwa rahisi na ndiyo ambayo mpishi aliitaka, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda. Mama mkwe aliikataa kwa sababu moja: kuku akishaingia, mchuzi haukaangiki tena, unachemka tu. Berbere mbichi haiivi kwa kuchemshwa.

Ya pili aliitoa mpishi mwenyewe: nyanya za kopo, zipunguze ukali na zilete uzito. Wifi alicheka. Wako wanaofanya hivyo, na chakula chao kinalika, lakini mezani usiku ule wangekaa wazee watatu waliokuwa hawajagusa nyama kwa siku 55.

Ya tatu ilikuwa kuepua sufuria, kutafuta kilo nyingine moja na nusu ya vitunguu, kuvipika vikavu peke yake mpaka viive kweli, kisha kuziunganisha sufuria mbili. Gharama yake ilikuwa saa mbili na nusu na mkaa. Wakaichagua hiyo.

Kuna jambo dogo walilolifanya wakati wa kusubiri ambalo ningependa lisipotee. Vipande vya kuku vilikuwa kwenye maji ya limao tangu asubuhi. Wifi alivitoa, akavichuja na kuvifunika mahali pa baridi. Nyama ikikaa mno kwenye ndimu au limao, sehemu ya nje huwa nyeupe na ya ungaunga, na hakuna mchuzi wa kuificha.

Jioni na usiku

Vitunguu vya duka la jirani vilikuwa vikubwa na vyenye maji mengi kuliko vile vya kwanza, hivyo vilichelewa. Safari hii mpishi aliweka majivu juu ya mkaa kupunguza moto, akakaa chini, akakoroga. Maji yakaisha, vikaanza kushikana, rangi ikageuka kutoka nyeupe kwenda ya majani makavu, kisha kahawia. Kila vilipotaka kushika chini alinyunyiza maji ya moto kijiko kimoja, siyo zaidi. Ilipofika mahali mwiko unaacha njia kwenye sufuria na njia ile haijifungi, mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

Mchuzi wa kwanza ulimiminwa juu yake. Mpishi anasimulia kwamba mafuta yote yaliyokuwa yanaelea yalimezwa mara moja, kama hayakuwepo. Rangi ikashuka kutoka nyekundu ya bendera hadi ya tofali. Wakauendeleza hivyohivyo, moto mdogo, maji kwa vijiko, zaidi ya saa moja. Kitunguu saumu na tangawizi vikaingia. Wakaonja mara ya mwisho: ukali upo, lakini umekaa ulimini badala ya kukwaruza koo. Mafuta yakarudi kujitenga taratibu pembezoni mwa sufuria, na safari hii mama mkwe aliyaamini.

Ndipo samli ikaingia, na baada yake kuku. Kuanzia hapo hakuna aliyeonja.

Mpishi alipanga robo tatu ya saa. Paja lilipochomwa kwa uma, uma uligoma. Saa moja ikapita, likagoma tena. Jogoo yule alichukua karibu saa mbili. Umeme ulirudi katikati, sufuria ikahamishiwa ndani. Mwishoni kabisa ikatiwa mekelesha, mchanganyiko wa viungo vya kumalizia vyenye korarima, karafuu, pilipili manga na wenzake, kidogo tu, na mayai yaliyochanjwa kwa kisu juujuu ili mchuzi uingie. Sufuria ikafunikwa. Watu wakaenda kanisani.

Matokeo

Walipakua baada ya saa tisa usiku. Mchuzi ulikaa juu ya injera bila kukimbilia kando, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha wazee. Rangi ilisifiwa. Mapaja na miguu yalikuwa yanaachia mfupa. Kidari kilikuwa kimekuwa nyuzi kavu. Na chumvi ilikuwa pungufu, waziwazi, kila mtu aliiona. Ayib, ile jibini laini nyeupe inayowekwa pembeni kutuliza ukali, iliisha kabla ya mchuzi.

Maneno ya mama mkwe, kama wifi alivyoyanukuu: "Vitunguu vimeiva. Chumvi ni ya kuongeza."

Kiporo cha Jumapili jioni, baada ya kurekebishwa chumvi, kila niliyezungumza naye anakiita kitamu kuliko chakula cha usiku.

Uchambuzi: vitunguu

Kitunguu kibichi ni maji kwa karibu asilimia 89. Kilo moja na nusu ikipikwa mpaka maji yaishe, kinachobaki cha kubeba mchuzi hakifiki gramu 170. Mpishi alitia humo gramu 200 za unga wa berbere. Yaani kwenye sufuria ile berbere ilikuwa nyingi kuliko kitunguu chenyewe. Ukiiweka hesabu hivyo, ladha ya vumbi haihitaji maelezo mengine. Kilo tatu huacha gramu 330 hivi, na hapo ndipo kipimo cha mama mkwe kinapokaa sawa. Kwa hiyo kosa halikuwa kupunguza vitunguu peke yake. Angepunguza na berbere nusu kwa nusu, angepata mchuzi kidogo lakini mzuri, labda usiotosha watu 12. Aligusa upande mmoja wa mizani akaacha wa pili, tena upande wa pili ulikuwa umepimwa na mtu mwingine ambaye hakuambiwa.

Kwa nini vikavu kwanza? Kitunguu kinachopikwa kwa maji yake chenyewe hakipandi joto kupita la kuchemka, kwa hiyo kinalainika na kuvunjika kabla ya kubadilika rangi. Mafuta yakiwahi kuingia, kingo zinakaangika na kukauka, kitunguu kinashika umbo. Kwa pilau hilo ndilo tunalolitaka. Hapa linaharibu, kwa sababu mchuzi hauna kitu kingine cha kuushikamanisha.

Alama ya mafuta kujitenga ilimdanganya kwa sababu ni ya kweli. Kwenye doro wat nayo mafuta hujitenga mwishoni. Tofauti iko kwenye sababu: mwishoni yanajitenga kwa kuwa maji yameisha, wakati mchana ule yalijitenga kwa kuwa hapakuwa na kitunguu kilicholainika cha kuyashika. Kipimo cha mama mkwe cha kuinamisha mwiko kinazitenga hali hizo mbili. Mchuzi ulioiva huteremka wote kwa pamoja na mafuta yakifuata nyuma. Usioiva hugawanyika.

Uchambuzi: kwa nini njia ya tatu ilikuwa sahihi

Naona hapa ndipo kisa kizima kilipo. Mpaka saa saba mchana kila kilichoharibika kilikuwa kinarekebishika, kwa kuwa kuku alikuwa bado nje. Ukoko uliachwa, vitunguu viliongezwa, berbere ilipewa muda. Kuku akiingia anakuja na maji yake, joto la mchuzi linashuka na kubaki kwenye kuchemka, na saa yake inaanza kuhesabu: huwezi tena kukaanga berbere saa nzima bila kumgeuza kuku kuwa makapi. Maji yasingesaidia pia kwa sababu kile kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Wangepata mchuzi mwepesi na mkali uleule.

Kuchelewesha samli kulikuwa na faida isiyotajwa kwenye mapishi. Ladha ya samli hupotea ikikaangwa kwa saa nyingi, hilo linajulikana, lakini kwenye wiki ya mfungo mafuta ya mbegu yaliwapa wapishi wawili ruhusa ya kuonja mpaka hatua ya mwisho ya hatari. Wangeanza na samli, wangebaki na pua ya mama mkwe tu. Pua ile ni nzuri, sikatai, ila ilikuwa kanisani.

Uchambuzi: muda na chumvi

Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100 za pwani. Mchuzi unatokota kwa macho yaleyale huku joto likiwa pungufu, na kano za jogoo wa kienyeji zinalainika polepole zaidi. Mpishi alikuwa anaishi mji huo kwa miaka, anajua maharage yanachelewa, lakini kwa kuku alikuwa akinunua wa kisasa ambao hawaonyeshi tofauti kubwa. Anayepika Nairobi, mita 1,700 hivi, ambako berbere hupatikana kwenye maduka ya Eastleigh, atakuwa katikati. Wa Dar atumie muda wa Dar.

Kidari hakikupaswa kuingia pamoja na mapaja. Desturi ya vipande 12 inahusu mgao wa mezani, haidai viingie sufuriani kwa mpigo mmoja.

Chumvi ilipotea njiani. Ilitiwa kwenye vitunguu vya asubuhi tu. Vile vya mchana vilipikwa bila chumvi, kisha kuku akaingia akiwa amechujwa, na kufikia hapo kuonja kulikuwa kumekatazwa. Mama mkwe hupika miaka yote bila kuonja na chumvi haimpungukii kwa sababu mlolongo wake haubadiliki. Sufuria ya pili iliukata mlolongo, na chumvi ilikuwa haina budi kupimwa upya kwa kijiko kabla samli haijaingia.

Sikukuu ya Genna, yaani Krismasi ya Waethiopia, tarehe 7 Januari, mpishi alipika tena. Vitunguu kilo tatu, mapaja kwanza, vidari baadaye, chumvi kwa kijiko. Kilichobaki kubishaniwa ni kitunguu saumu: mama mkwe anakitia kabla ya berbere, wifi baada yake, na kila mmoja ana chungu cha kuthibitisha.